Namna ya Kufilisika kwa Kikombe Cheusi

Kwanza pata mteja anayetaka kikombe cheusi. Huna haja ya kumtafuta. Atakuja mwenyewe dukani, simu mkononi, akuonyeshe picha: kikombe cheusi tii, jina la bibi harusi kwa herufi nyeupe, na maua mawili ya waridi chini yake. Ni vya sendofu, atakwambia. Vinatakiwa hamsini. Kamati ilikaa jana usiku ikapitisha rangi za shughuli, nyeusi na dhahabu, na kamati ya sherehe ikishapitisha rangi hata Bunge halina ubavu wa kuitengua.

Mtu mwenye akili zake angemjibu, "Dada yangu, chukua vyeupe." Vikombe vyeupe vya sablimesheni vipo Kariakoo kwa katoni. Unachapa picha kwenye karatasi, unaifunga kikombeni, unabana kwenye mashine yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na wino unageuka mvuke ukazama ndani ya koti ambalo kikombe kimevishwa kiwandani. Ukishazama hautoki, sugua upendavyo. Ni kazi ya dakika chache, faida yake ndogo lakini ni faida, na usiku unalala.

Mwongozo huu haumhusu mtu huyo. Unakuhusu wewe uliyekwisha kusema, "Inawezekana."

Kwa kuwa umeshasema, ujue basi ulichokiahidi. Wino wa sablimesheni ni kama chai ya rangi: kwenye glasi unauona wekundu wake, lakini ukiimwaga kwenye sufuria lenye masizi huoni kitu. Unahitaji weupe nyuma yake. Na wino mweupe wa sablimesheni usijisumbue kuuulizia mtaa kwa mtaa, haupo. Printa ya kawaida ya ofisini nayo ni hivyo hivyo. Ina sayani, majenta, njano na nyeusi. Ukiipa picha ya bibi harusi, ikifika kwenye meno yake haichapi chochote, inaruka, inaiacha karatasi ijionyeshe. Meno meupe yote uliyowahi kuyaona kwenye kalenda yalikuwa karatasi.

Kama huamini, fanya majaribio kwa mashabiki wa mpira. Mwana-Yanga anataka maandishi ya njano kwenye kikombe cha kijani. Chapa njano yako bila weupe chini yake: kijani kitaimeza, na utabaki na kikombe cha kijani kinachoonekana kama kimewekewa mkono wenye mafuta. Mwana-Simba anataka jina lake kwa nyeupe kwenye kikombe chekundu. Huyu utamkabidhi kikombe chekundu kitupu na kumweleza kwamba jina lipo, ila halionekani. Wote wawili ni mafundi wa kuhesabu vikombe, na wote wawili hawatakulipa.

Weupe wako basi utautafuta kwenye printa ya tona, na ukitaka wa kumlaumu kwa hilo, rudi mpaka Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Chester Carlson, baba wa fotokopi, na msaidizi wake Otto Kornei walilisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa, likashika umeme tuli. Wakaweka juu yake kioo chenye maandishi "10-22-38 ASTORIA", wakaliangazia taa, wakalinyunyizia unga laini wa mmea uitwao likopodiamu, wakagandamiza karatasi ya nta na kuipasha moto. Unga ukaganda, maandishi yakabaki. Umeme tuli, unga, joto: kila utakachokifanya kwenye kile chumba chako cha nyuma, hawa walikwisha kukifanya. Miaka ya mwanzo ya 1970 Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox akaongeza mwanga wa leza, na printa ya leza ikazaliwa. Katika safari hiyo yote hakuna aliyefikiria kikombe, wala aliyeona sababu ya kuhangaika na weupe. Karatasi ilikuwa nyeupe tayari.

Twende kwenye ununuzi. Njia ya kiungwana ni kununua printa iliyozaliwa na tona nyeupe. Wajapani wa OKI wametoa kadhaa, kama C711WT na mdogo wake Pro7411WT. Zina vyumba vinne tu vya tona, na mpangaji mpya alipokuja ilibidi mmoja ahame. Aliyehama ni mweusi. Kwa hiyo printa yako ya gharama haina nyeusi. Ikihitaji nyeusi inachanganya sayani, majenta na njano, na kinachotoka ni rangi ya kahawa ya jana. Zipo pia kubwa za tona tano, ambazo hazikumfukuza mtu, lakini bei ya hizo ulizia ukiwa umekaa. Ile ndogo nayo, ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, inakaribia bei ya bajaji. Tofauti ni kwamba bajaji ingekuletea hesabu kila jioni.

(Kwa siri: printa hizi za OKI hazina leza. Zinatumia mstari wa taa ndogondogo za LED. Ila ukutani andika "LEZA" kwa herufi kubwa. Mteja hajawahi kulipia taa.)

Njia ya pili ni ya ujanja, na mimi nimeipitia. Kuna katriji za tona nyeupe ziitwazo Ghost, yaani mzuka, na jina limezistahili. Unachomoa katriji nyeusi kwenye printa yako ya kawaida, unachomeka ile nyeupe mahali pake, unafunga mlango. Printa haiambiwi kitu. Inaendelea kuamini kwamba inachapa nyeusi. Nawe kwenye kompyuta, kila unachotaka kiwe cheupe unakipaka rangi nyeusi. Utazoea baada ya wiki mbili. Mimi katika wiki ya kwanza nilisahau nikachapa ankara ya ofisi moja kwa printa hiyohiyo, nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe. Mhasibu aliigeuza huku na huku, akaiinamishia dirishani, na kweli ukiiangalia kwa upande unaona herufi zinang'aa kama njia ya konokono. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, hii ndiyo ya kutusamehe deni?"

Tona yenyewe inalainishwa na maneno mengi kwenye boksi. Weupe wake unatokana na titani dioksaidi, ungaunga uleule unaotia weupe kwenye rangi za nyumba. Aliyewahi kupaka rangi nyeupe juu ya ukuta mweusi anajua mkono mmoja hautoshi. Printa inapiga mkono mmoja. Usipoikaza mpaka mwisho, utapata weupe wa kanzu iliyofuliwa kwa maji ya kisima. Ukiikaza, tona inakwisha. Na ile idadi ya kurasa iliyotajwa kwenye boksi ilihesabiwa kwa ukurasa uliofunikwa asilimia 5 tu, kama barua fupi ya kuomba kazi. Weupe wako unafunika nusu ya karatasi. Piga hesabu: katriji ya kurasa elfu moja ni katriji ya kurasa mia moja, ukitoa zile utakazoharibu.

Mashine ikishafika, usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Sehemu ya printa inayoyeyusha tona hunywa umeme kwa mkupuo, na UPS italia kama mtoto aliyenyang'anywa embe kisha itazima. Chomeka ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kuchapa subiri kwa utulivu. Karatasi imebaki ndani, imelala juu ya joto, na itatoka ikiwa na sura nyingine. Unyevu wa Dar es Salaam nao una hisa katika biashara hii. Karatasi iliyolala nje ya pakiti usiku mmoja inakunywa hewa ya bahari, na ikipita kwenye joto inatoa vipovu. Wenye busara huzifunga ndani ya mfuko. Mimi nilianza kuzifunga nilipobakiwa na nne.

Karatasi ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo hapa usiwe na haraka.

Kosa la kwanza, ambalo ni la lazima, ni kuweka kwenye printa ya tona karatasi ya kuhamishia iliyotengenezwa kwa ajili ya printa ya wino. Kwa macho zinafanana. Kwa joto hazifanani: ile ya wino huyeyuka na kujiviringisha ndani, na fundi atakayeifungua atakuita uone, kama daktari anavyomwita mwanafunzi.

Kosa la pili ni kununua ya fulana. Muuzaji atakupa ya fulana kwa kuwa ndiyo aliyonayo, na kwa haki ni teknolojia nzuri. Inakuja jozi, shiti A na shiti B. Picha unaichapa kwenye A, halafu unaikutanisha na B ndani ya mashine ya joto, na gundi iliyoko B inahamia pale tu penye tona. Kwenye biashara hii hatua hiyo huitwa ndoa, na kama zilivyo ndoa nyingine, shughuli yenyewe ni kwenye kuachana. Unavuta taratibu, ikiwa moto, kwa mwendo mmoja, bila kusita. Ukisita kujibu simu, ulipositia panabaki mstari mpaka kiyama. Gundi hiyo ilifikiriwa kushika nyuzi za pamba. Kwenye kikombe chenye ngozi ya kioo itashika kwa muda wa kupiga picha ya kuweka kwenye status.

Karatasi unayoitaka ni ya vitu vigumu: vigae, chuma, mbao, vyombo vya udongo. Ipo, ila utaiagiza, na itakapofika mteja atakuwa ameanza kukupigia kila baada ya swala.

Ukishaipata, geuza picha kushoto kulia kama kwenye kioo, maana itakapobandikwa itajigeuza yenyewe. Kila mtu husahau mara moja. Yule Otto wa Astoria angesalimika, kwani OTTO kwa herufi kubwa ukiigeuza inabaki OTTO. Lakini ma-Otto ni wachache kwenye sendofu za Mbagala.

Halafu kuna mpangilio wa tabaka, ambao ndio ulionitoa mvi. Kikombeni, weupe unatakiwa ukae chini na rangi zikae juu yake. Kwa hiyo kwenye karatasi ni kinyume: rangi zitangulie, weupe umalizie. Ni kama mtu anayevaa kwa kuanza na koti, kisha shati, fulana ya ndani ikaja mwisho, akitegemea kwamba kuna atakayemgeuza kama soksi. Printa zenye weupe wa kuzaliwa hufanya hivyo zenyewe. Ya mzuka itakulazimu kupitisha karatasi mara mbili, rangi kwanza, nyeupe baadaye, na mashine haina sababu yoyote ya kuiweka karatasi mara ya pili pale ilipoiweka mara ya kwanza. Bibi harusi atatoka na meno shavuni. Hata kwenye printa nzuri, weupe uupunguze kidogo pembeni ili usichungulie nje ya rangi, kama fulana inavyochungulia kwenye kola. Programu inayofanya hivyo ipo, na unailipia.

Ukichapa herufi nyeupe tupu utakumbana na jambo ambalo hakuna aliyekuonya: karatasi nyeupe, tona nyeupe. Huoni ulichochapa. Utaishika juu ya taa, utaiweka kifuani penye tisheti nyeusi, utamwita kijana wa dukani mwenye macho mazuri. Nimewahi kubana vikombe sita kwa karatasi ambayo haikuwa imechapwa kitu. Vilitoka visafi.

Kikombe chenyewe kiwe kimenyooka. Wengi wanavipenda vile vilivyobanwa chini na kupanuka juu, na mashine ya kubania vikombe imetengenezwa kama mkanda wa tumbo: inakumbata silinda. Kikombe chenye kiuno kitashikwa juu na kuachwa chini, na jina litahamia nusu. Karibu na mkono wa kikombe usiweke kitu, mkanda haufiki. Karibu na mdomo acha upana wa vidole viwili. Tona ni plastiki, haikupikwa ili ilambwe. Kibano kikiwa legevu, kingo hazishiki. Kikikazwa sana utasikia mlio mdogo, ti!, na hesabu ya hamsini itakuwa arobaini na tisa. Udongo mzito nao unapenda joto, unajipa wenyewe kwanza kabla ya kuipa karatasi, kwa hiyo cha kwanza asubuhi huwa kibichi na cha kumi huwa kimeungua kwa muda uleule. Karatasi nyingine huchunwa moto, nyingine ikishapoa. Maelezo yako kwenye pakiti, na pakiti kijana ameshaitupa.

Bado hujamaliza. Baadhi ya karatasi hizi zinadai kikombe kiingizwe kwenye oveni baada ya kubandikwa, tona iive na kushika. Huna oveni. Anayo mama mwoka keki wa mtaa wa pili. Utaingia kwa "Shikamoo mama", utaeleza shida yako ukiacha neno plastiki, atakuruhusu kwa moyo mweupe, na Jumamosi hiyo keki ya kipaimara itanukia kama fotokopi. Nunua oveni yako ndogo. Ni gharama nyingine, ndiyo, lakini tulishakubaliana mwisho wa safari hii ni wapi. Na usivipeleke kwenye tanuru la mfinyanzi ukidhani ukikazana vitadumu zaidi: plastiki ya tona itaungua yote, weupe ukose cha kuushika, na utarudishiwa vikombe vyeusi kama ulivyovinunua.

Bei ya kumtajia mteja baada ya haya yote? Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya Babu kule Samunge, Loliondo, kilikuwa shilingi 500, na watu walipanga foleni ya magari siku kadhaa. Chako kinakwenda elfu kumi na tano na hakijaahidi kutibu. Atakuomba umpunguzie. Punguza, kwa hesabu zako hizi, elfu mbili haitabadilisha kitu.

Wakati unavifuta vumbi, pita duka la tatu kutoka kwako. Kuna kijana ana mashine ya UV inayochapa stika za filamu, na wino mweupe ndani yake. Anakata, anabandua, anaibandika kikombeni kwa kidole gumba, anachuna. Hakuna joto, hakuna ndoa, hakuna oveni ya mtu. Alianza baada yako na ameshanunua kiyoyozi. Yeye ndiye atakayekuonyesha pia kile kikombe cha mazingaombwe, cheusi kikiwa baridi, ukimimina chai ya moto picha inajitokeza. Utakitazama kwa karibu na kugundua kwamba ni kikombe cheupe cha sablimesheni kilichovishwa nguo nyeusi inayokimbia joto.

Linabaki suala la kudumu. Karatasi za wazungu hujisifu kwa idadi ya safari ambazo kikombe kinaweza kupita kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Mashine ya kuoshea vyombo ya Temeke ina miaka kumi na mitano, imeinama karibu na bomba, ina stilwaya mkononi na inataka kuwahi tamthilia. Sijaona karatasi iliyojaribiwa mbele yake. Kwa makadirio yangu jina la herufi sita linakwisha kwa uji wa siku nne.

Ndiyo maana nilisitasita mwaka mmoja baada ya ile sendofu, nilipoalikwa nyumbani kwa yule dada wa kamati. Nilikuwa na maneno yangu tayari kuhusu stilwaya na maelekezo ya mtengenezaji. Nikaketi. Mbele yangu kulikuwa na kabati la vyombo, lile la vioo lenye ufunguo, na ndani yake, kati ya birika la kichina na glasi za miguu mirefu, vikombe vyangu vinne vimepangwa kwa mstari, mikono imetazama upande mmoja. Jina lilikuwa kamili, jeupe, hakuna hata herufi iliyobanduka. Waridi lilikuwa waridi.

"Unaona?" dada akaniambia. "Mpaka leo viko vilevile."

Nikauliza kama wamewahi kuvinywea. Akanitazama kama nimeuliza kama wamewahi kuulalia mkeka wa ukutani. Kisha akamwita binti alete chai, na chai ikaja, ya moto, yenye tangawizi, kwenye kikombe cheupe.